Pima Uzito Kwanza, Bei Baadaye: Ninavyopima Mfumuko wa Bei za Vyakula Hapa Mbeya

Mimi ni mtunza stoo wa jiko la shule moja ya bweni hapa Mbeya. Huu ni mwaka wa kumi na moja nanunua mahindi, mchele, maharage, mafuta, nyanya, vitunguu na usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) wa kulisha watoto wa watu. Miaka michache iliyopita uongozi uliwaomba wazazi waongeze mchango wa chakula kwa asilimia 15, nami nikaitwa mbele ya mkutano nieleze sababu. Nikasema vitu vimepanda. Mzazi mmoja akasimama, baba mstaarabu, akaniuliza kwa upole: "Mama, redio inasema mfumuko wa bei ni asilimia tatu na kitu. Hizi kumi na mbili nyingine zinatoka soko gani?"

Nilikuwa na boksi zima la risiti, lakini jibu sikuwa nalo. Risiti zilionyesha tumetumia pesa nyingi kuliko mwaka uliotangulia. Hazikuweza kusema kama bei ndizo zilizopanda, au watoto wameongezeka, au tumepika wali mara nyingi zaidi. Mchango haukuongezwa. Muhula ule nilipima maharage kwa kikombe nikijua hayatoshi, na niliwaona watoto wakirudi dirishani na sahani mkononi. Hapo ndipo nilipoamua kujifunza kupima bei kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua.

Njia ninayoieleza hapa ndiyo wanayoitumia watakwimu, isipokuwa nimeipunguza hadi ikaenea kwenye daftari moja, mzani mdogo na simu. Mhazini wa kikoba anaiweza, mama lishe anaiweza, kamati ya chakula ya shule inaiweza.

Namba ya redioni inapima nini

Kabla hujaingia sokoni, ielewe kwanza namba unayotaka kuilinganisha na yako, yaani mfumuko wa bei: bei zimepanda kwa asilimia ngapi tangu mwezi uleule mwaka jana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukusanya bei katika mikoa ya Tanzania Bara kila mwezi na kuziweka kwenye kapu moja la bidhaa na huduma. (Zanzibar wana ofisi yao na fahirisi yao, yaani namba yao ya kufuatilia bei.) Kapu la sasa linatumia mwaka 2020 kama mwaka wa kizio, yaani bei za mwaka ule zimepewa namba 100, na kila namba inayofuata inasomwa kutoka hapo. Ndani ya kapu mna chakula, lakini mna pia nauli, kodi ya nyumba, nguo, dawa, ada na vocha ya simu.

Kila kundi limepewa sehemu yake katika mia, kitu ambacho watakwimu hukiita mizania, kulingana na jinsi kaya zilivyotumia fedha zao katika utafiti wa mapato na matumizi wa 2017/18. Vyakula na vinywaji baridi vimepewa 28.2. Kapu lililotangulia lilivipa 38.5, na lililotangulia hilo 47.8. Sehemu hii kupungua si hila ya mtu. Mtakwimu Mjerumani, Ernst Engel, alionyesha mwaka 1857 kwamba kaya ikipata kipato zaidi, chakula huchukua sehemu ndogo zaidi ya matumizi yake. Taifa likihesabiwa kwa jumla, tajiri wa Masaki kule Dar es Salaam na mtu wa kawaida wa Itezi hapa Mbeya wamo kapu moja.

Sasa piga hesabu. Chakula kikipanda kwa asilimia 10 na kila kitu kingine kikasimama palepale, namba ya jumla ya taifa itapanda kwa 10 mara 28.2 gawanya kwa 100, ambayo ni 2.82. Kwa hiyo redio inaweza kusema "asilimia mbili nukta nane" siku ile ile ambayo sufuria yako inaona kumi, na wote mkawa mnasema kweli. Ilitokea hasa: Januari 2023 mfumuko wa jumla ulikuwa asilimia 4.9, lakini wa vyakula peke yake ulikuwa asilimia 9.9. Taarifa ilikuwa ileile moja, ila redio ilisoma namba ya juu ya ukurasa. Ukitaka kujibishana na mtu kuhusu chakula, shuka kwenye jedwali hadi mstari wa vyakula.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui: chapati na supu unayokula kwa mama lishe haimo kwenye mstari wa vyakula. Imo kwenye migahawa na malazi, kundi lenye sehemu 6.6 katika mia. Kijana wa chuo anayekula nje mchana na jioni, mfumuko wake wa chakula umejificha pale.

Na akija mtu na simu akikuonyesha fahirisi ya bei za vyakula ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwambie hiyo inapima nafaka, mafuta ya kula, maziwa, nyama na sukari katika biashara ya kimataifa. Ndizi za Tukuyu hazimo, wala usipa wa Kyela.

Tengeneza kapu lako

Wengi hukimbilia kuandika bei. Usianze hapo. Kwa mwezi mmoja mzima andika matumizi tu: umenunua nini, kwa shilingi ngapi. Mwisho wa mwezi jumlisha, kisha gawa fedha ya kila kitu kwa jumla yote, uone kila kimoja kimekula shilingi ngapi katika kila mia. Hizo ndizo sehemu zako. Vitu kumi hadi kumi na tano vinatosha. Chumvi na bizari ziache, hata zikipanda mara mbili hazitaitikisa namba yako.

Kila kitu kiandike kwa jina kamili. "Mchele" si jina kamili. Mchele wa Kyela na mchele wa Usangu unaotoka Igurusi au Ubaruku ni vitu viwili kwa harufu na kwa bei, na mpya na wa zamani ni vitu viwili tena. Ukiandika wa Kyela mwezi huu na wa Ubaruku mwezi ujao, utakuwa umepima tofauti ya mabonde, si mfumuko. Maharage nayo yana rangi na bei zake. Mimi hufuata ya njano tu. Unga andika kama ni dona au sembe. Mimi hununua mahindi na kuyapeleka mashineni, kwa hiyo bei yangu ya unga ni mahindi, kukoboa, kusaga na usafiri, vyote vikigawanywa kwa kilo za sembe zilizotoka. Mashine ikipandisha bei ya kukoboa, mahindi yakawa palepale, unga umepanda, na daftari linatakiwa lione hivyo.

Wenye mashamba huniuliza kuhusu mahindi ya nyumbani. Kama unapima makali ya maisha ya mfuko wako, weka kapuni ulichonunua tu. Mahindi ya ghalani kwako yakipanda bei sokoni hujaumia, na ukiuza debe mbili umefaidika. Huku kwetu nyanda za juu kusini jambo hili ni zito, maana bei ya mahindi inayomliza mtu wa mjini ndiyo inayomlipia ada mkulima wa Mbozi. Fahirisi ya bei za mlaji inaongea kwa niaba ya anayenunua. Usiitwishe kazi ya kumsemea anayeuza.

Mzani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mwaka wangu wa kwanza wote ulipopotea.

Mwaka ule niliandika bei kila wiki bila kukosa. Nyanya, fungu 1,000. Wiki ijayo, fungu 1,000. Novemba 1,000, Desemba 1,000, Februari 1,000. Ukisoma daftari langu ungesema nyanya za Mbeya hazijui mfumuko. Lakini jikoni nilikuwa natumia mafungu mengi zaidi kwa sufuria ileile, na mchuzi ulikuwa mweupe.

Februari ile nilikuwa soko la Sido asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha, turubai zinadondosha maji. Nikamwambia mama ninayenunua kwake, "Fungu limekuwa dogo." Akanijibu, "Bei ni ileile, mama, angalia." Hakuwa akinidanganya. Yeye mwenyewe tenga alilipokea ghali, na anajua mteja akisikia 1,500 atapita, ila akisikia 1,000 atainama. Kwa hiyo bei haisogei, husogea nyanya. Nilikuwa nimenunua siku ile mzani mdogo wa betri, ule wa kuning'iniza wenye ndoano. Nikaomba mfuko, nikatia fungu zima, nikauinua. Nyanya nane, gramu 800. Nikarudi nyumbani nikatafuta picha niliyopiga Novemba nikimtumia mwenzangu: fungu la mama yuleyule lilikuwa na nyanya kumi na mbili. Nikanunua kumi na mbili za ukubwa ule, nikapima: kilo moja na robo.

Fanya hesabu. Shilingi 1,000 kwa kilo 1.25 ni shilingi 800 kwa kilo. Shilingi 1,000 kwa kilo 0.8 ni shilingi 1,250 kwa kilo. Nyanya zilikuwa zimepanda kwa asilimia 56, na daftari langu lilikuwa limeandika sifuri.

Tangu hapo nina sheria moja: sikuandika uzito, sikuandika kitu. Kila mstari wa daftari una shilingi nilizolipa, kilo nilizopata, na shilingi kwa kilo. Namba ya tatu ndiyo bei. Mbili za kwanza ni ushahidi wake.

Sheria hiyo itumie kwenye kila kipimo cha sokoni. Sado (kopo la kupimia) ya mchele iliyojaa kichuguu nimeipima ikatoa kilo 3.6. Sado hiyohiyo ikisawazishwa kwa kijiti juu, kilo 3.2. Kama zote mbili ni 10,000, ya kwanza kilo yake ni 2,778 na ya pili 3,125. Ni tofauti ya asilimia 12 na nusu, na wanunuzi wote wawili watakwambia "sado elfu kumi". Kuna makopo yaliyobonyezwa kitako, yageuze uangalie. Mkungu wa ndizi usiuhesabu kwa mkungu, maana huna namna ya kujua ukubwa wake mwezi ujao. Upime na shina lake, au nunua kwa chane na uipime. Vitumbua na mikate nayo hupungua unene bila kupungua bei.

Viazi ndivyo vinavyosumbua zaidi, kwa sababu ya lumbesa. Gunia linaloshonewa kilemba cha wavu juu yake linaitwa gunia, na lisiloshonewa linaitwa gunia. Hilo lenye kilemba ndilo lumbesa. Wakala wa Vipimo wamelipiga marufuku, na mkulima wa Umalila au Makete ndiye anayeumia zaidi nalo, lakini bado utalikuta. Usikubali neno gunia liingie kwenye daftari lako. Kama huna mzani mkubwa, mimina viazi kwenye ndoo ya lita 20, pima ndoo moja kwa mzani wako, hesabu ndoo zimetoka ngapi. Inachosha, na mchukuzi atakununia, lakini ndiyo njia.

Siku, wauzaji, na bei ya kweli

Chagua siku na uishike. Mimi huenda Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa mbili asubuhi. Nyanya za jioni ni nafuu kuliko za asubuhi, na siku ya mnada bei si sawa na ya siku ya kawaida. Ukibadilisha siku umebadilisha kitu unachopima. Kila bidhaa ichukulie bei kwa wauzaji wanne walewale: mimi nina wawili Mwanjelwa, mmoja Sido, mmoja Uyole. Wapitie kwa salamu. Hapa "ugonile" inafungua mengi, na Iringa ukianza na "kamwene" utapewa bei kabla hujaiuliza.

Andika bei inayolipwa, si inayotajwa. Muuzaji akisema 3,500 na kila mtu analipa 3,200, bei ni 3,200. Na usikate bei kwa nguvu siku ya kupima kuliko siku nyingine, kwa kuwa hapo utakuwa unapima ulimi wako.

Siku nyingine kitu hakipo. Usiandike sifuri, na usiandike bei ya mwezi uliopita ukajifanya ndiyo ya leo. Angalia kitu kinachofanana nacho kimekwendaje. Usipa ukikosekana kwa sababu ziwa limechafuka, na dagaa wengine wamepanda kwa asilimia 5 mwezi huu, basi chukua bei ya mwisho ya usipa uipandishe kwa asilimia 5, na uichore duara ijulikane ni ya kukadiria. Usipa ukirudi, acha kukadiria, andika bei ya kweli kuanzia siku hiyo.

Muuzaji akihama au soko likifungwa, kama Mwanjelwa ilipoungua mwaka 2006, usiruke tu kwenda kwa mwingine. Ukipata nafasi, chukua bei za wa zamani na wa mpya kwa mwezi mmoja sambamba. Kama wa mpya ni ghali kwa mia mbili siku zote, hiyo mia mbili si mfumuko. Ni tofauti ya vibanda.

Acha pia safu ya maelezo upande wa kulia. Mimi huandika: "mvua, barabara ya Umalila haipitiki", "magari ya mahindi yamejaa mpakani Tunduma", "dizeli imepanda". Hesabu haiihitaji safu hiyo, lakini mtu akiuliza kwa nini, hutakuwa unabuni.

Hesabu yenyewe

Una bei nne za kilo moja ya kitu kimoja: 1,000, 1,200, 1,100 na 1,500. Wengi watajumlisha wagawe kwa nne, wapate 1,200. Njia bora ni kuzizidisha zote nne, kisha kwenye kikokotoo cha simu ubonyeze alama ya kipeuo cha pili mara mbili mfululizo. Utapata 1,186. Ndiyo sababu nilisema wauzaji wanne: kwa wanne, kipeuo mara mbili kinamaliza kazi bila kompyuta.

Kwa nini tujisumbue? Chukua wauzaji wawili. Wa kwanza alikuwa 1,000 amekwenda 2,000. Wa pili alikuwa 2,000 amerudi 1,000. Sokoni hakuna kilichobadilika, wamebadilishana bei tu. Lakini ukichukua badiliko la kila mmoja, 2 na 0.5, ukajumlisha na kugawa kwa mbili, unapata 1.25, yaani mfumuko wa asilimia 25 uliotoka hewani. Ukizidisha 2 kwa 0.5 unapata 1, kipeuo chake 1, hakuna mfumuko. William Stanley Jevons, Mwingereza, ndiye aliyeipigania njia hii karne ya 19, na ndiyo inayotumika kwenye fahirisi nyingi za mataifa leo katika hatua hii ya chini.

Hatua ya pili: gawa bei ya mwezi huu kwa bei ya mwezi uleule mwaka jana. Unga ukiwa umeshuka kwa asilimia 10, uwiano wake ni 0.90.

Hatua ya tatu: zidisha kila uwiano kwa sehemu yake katika mia, jumlisha. Nitatumia namba za mfano, rahisi, vitu vitano:

Unga, sehemu 30, uwiano 0.90: unapata 27.
Mchele, sehemu 25, uwiano 1.12: unapata 28.
Maharage, sehemu 20, uwiano 1.15: unapata 23.
Mboga na nyanya, sehemu 15, uwiano 1.20: unapata 18.
Mafuta, sehemu 10, uwiano 1.00: unapata 10.

Jumla 106. Mwaka jana ilikuwa 100, kwa hiyo mfumuko wa kapu hili ni asilimia 6. Kushikilia sehemu za mwanzo na kubadilisha bei tu ni njia ya Mjerumani Etienne Laspeyres, ya mwaka 1871.

Sasa chukua bei zilezile, soko lilelile, lakini kaya inayokula ugali asubuhi na jioni: unga sehemu 60, mchele 5, maharage 20, mboga 10, mafuta 5. Ukizidisha unapata 54, 5.6, 23, 12 na 5. Jumla 99.6. Kaya hii chakula kimeshuka kidogo, wakati jirani anayekula wali analia na asilimia 6. Wakikutana bombani kila mmoja atamwona mwenzake mwongo.

Igeuze. Mwaka unaofuata unga usishuke, upande kwa asilimia 30, vingine vibaki na uwiano uleule. Kaya ya kwanza inafika 118, ya pili inafika 123.6. Aliyekuwa salama ndiye anayepigwa zaidi, na ndiye mwenye akiba ndogo. Nikisikia watu wakisema mahindi yakipanda "wote tunaumia", huwa nataka niwachoree jedwali hili. Hatuumii sawa.

Mwezi gani na mwezi gani

Huku kwetu mahindi kwa kawaida huwa ghali Januari hadi Machi, ghala zikiwa tupu na shamba likiwa kijani, na hushuka kuanzia Juni mavuno yakiingia. Anayelinganisha Februari na Juni atatangaza neema, na anayelinganisha Juni na Februari atatangaza janga. Wote wawili wamepima majira. Linganisha Februari na Februari, Juni na Juni. Ndiyo maana daftari linaanza kusema baada ya miezi kumi na mitatu, si kabla. Usikate tamaa mwezi wa sita.

Na mfumuko kushuka si bei kushuka. Kitu cha 2,000 kikifika 2,400 kimepanda kwa asilimia 20. Mwaka unaofuata kikifika 2,520 kimepanda kwa asilimia 5. Mfumuko umeshuka kutoka 20 hadi 5, nawe unalipa 120 zaidi. Desemba 2011 mfumuko wa taifa letu ulikuwa asilimia 19.8. Ulikuja kushuka miaka iliyofuata, lakini bei za kabla yake hazikurudi. Mzazi akikwambia "serikali imesema mfumuko umepungua, punguzeni mchango", mweleze hili taratibu, kwa mfano wa kilo moja, wala usimcheke. Mimi mwenyewe nililielewa ukubwani.

Siku ya mkutano

Uongozi ulipotaka kuomba nyongeza tena, mara hii asilimia 14, niliombwa nilete hesabu. Kapu langu lilisema 9. Nikarudia hesabu usiku ule, nikapata 9 tena. Zilizobaki zilikuwa kuni na watoto walioongezeka, na hizo si bei za vyakula. Kuni zina mstari wake, na watoto wapya wamekuja na michango yao. Nililala vibaya, kwa sababu nilijua jiko linahitaji fedha. Asubuhi nikawaambia wakubwa wangu kwamba kwa chakula siwezi kusimama mbele ya wazazi na zaidi ya 9. Walinielewa. Kuni tukaziombea peke yake, kwa hesabu yake.

Mkutanoni niliweka mezani daftari na mzani. Baba yuleyule alikuwepo. Akafungua ukurasa wa usipa, akauliza kwa nini Aprili ina duara. Nikamweleza. Akaomba apime pakiti ya maharage niliyokuja nayo, akaning'iniza mwenyewe, akasoma, akatazama nilichoandika. Hakusema kitu, akampa daftari aliyekaa pembeni yake.

Baada ya mwaka mmoja au miwili kapu lako litakuwa limechakaa, maana watu hubadilisha wanachokula. Andika upya matumizi ya mwezi mzima, tafuta sehemu mpya, kisha kwa mwezi mmoja piga hesabu zote mbili, ya kapu kuukuu na ya kapu jipya. Hapo ndipo fundo la kuunganishia. Kapu kuukuu likiishia 118 mwezi huo, kapu jipya lianzie 118, si 100, vinginevyo msomaji atadhani bei zimeporomoka usiku mmoja. Kosa hilohilo hufanywa na wanaochukua namba ya taifa ya kizio cha 2015 wakailinganisha moja kwa moja na ya kizio cha 2020.

Na kwa kuwa kuna siku utaugua au utahamishwa, ukurasa wa kwanza wa daftari uandike mambo haya kwa mwenzako: siku na saa ya kupima, vibanda vinne kwa alama zake ("wa tatu kushoto ukiingia kwa mlango wa bajaji"), jina kamili la kila bidhaa, sehemu yake katika mia, na uzito wa ndoo tupu. Mzani utunze kwenye mfuko mkavu, na betri ya akiba iwe ndani yake.